Sita au Tisa: Simu Inaposema Kiswahili

Mtu akipewa simu inayosema Kiswahili kwa mara ya kwanza, huanza na utamu wa sauti. "Mbona anaongea kama ana mafua?" "Huyu ni Mzungu aliyejifunza ukubwani." Wiki ikipita, malalamiko hubadilika kabisa. Imenisomea elfu sita kumbe ni tisa. Imesema saa nane, nikaenda saa nane, kumbe kikao kilikuwa saa mbili asubuhi. Imelitaja jina la mwanangu nikashindwa kulitambua. Kwa sisi tunaowaandalia simu wasioona, wenye uoni hafifu na wazee waliochoshwa na maandishi madogo, kazi iko kwenye malalamiko ya wiki ya pili. Na mara nyingi kosa haliko kwenye sauti. Liko kwenye maandishi ambayo sauti imepewa iyasome.

Sauti ya mashine inayojulikana kuliko zote kwetu haina akili hata kidogo: ni ile inayokuarifu kwamba mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Yule ni binadamu aliyekaa studio akarekodi sentensi nzima, na mtandao unairudia tu. Ugumu huanza pale sauti ya aina hiyo inapotakiwa kutaja salio, kwa sababu hakuna wa kurekodi kila kiasi. Hurekodiwa vipande, kisha vikaungwa. Kiswahili kina nafuu kubwa hapa. Ukirekodi moja hadi tisa, kumi, ishirini hadi tisini, sifuri, mia, elfu, laki, milioni na kile kiunganishi "na", unapata vipande 24 tu, na kwa hivyo unataja kiasi chochote cha pesa ambacho mtu wa kawaida atawahi kuwa nacho. Kosa la wengi ni kurekodi kila kipande mara moja, kama mtu anayesoma orodha. Kila neno linashuka mwishoni, na likiungwa na wenzake linasikika kama sentensi nne zilizokatika: elfu. mbili. mia. tatu. Dawa ni kurekodi kila kipande mara tatu: kikiwa mwanzoni mwa sentensi, kikiwa katikati, na kikiwa mwishoni. Jumla vipande 72, kazi ya asubuhi moja kwa msomaji mzuri aliyekunywa maji ya kutosha.

Aina ya pili ni sauti inayotengenezwa na kanuni, bila mtu kurekodi chochote. eSpeak ndiyo mfano wake mkubwa, programu ya bure iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, na toleo lake la sasa huitwa eSpeak NG. Hii ndiyo sauti inayokuja ndani ya NVDA, kisoma skrini cha bure cha kompyuta. Kiswahili kimo, na kwa kanuni za matamshi inakiweza kwa sababu lugha yetu inaandikwa inavyotamkwa: irabu tano zisizobadilika, na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Inakosea pale lugha yenyewe inapovunja kanuni. Barabara ya magari na barabara kwa maana ya sawasawa zinaandikwa sawa, ila mkazo wake ni tofauti, na mashine huzisoma zote kama ya magari.

Sauti yake ni kavu. Haina pumzi, haina tabasamu. Hata hivyo wasioona waliozoea kompyuta wengi huichagua hiyohiyo na kuziacha zile tamu, na wanajua wanachofanya. Ni nyepesi, haihitaji intaneti, inajibu papo hapo kidole kinapogusa, na ukiikimbiza mara tatu ya kasi ya kawaida maneno yake bado yanatengana. Sauti tamu ukiikimbiza hivyo inameza silabi.

Zile tamu ndizo aina ya tatu, zilizofunzwa kwa saa nyingi za usomaji wa binadamu. Njia hii ilishika kasi baada ya 2016, DeepMind, kampuni ya Google ya akili mnemba, ilipoonyesha WaveNet, mfumo unaotengeneza wimbi la sauti lenyewe hatua kwa hatua badala ya kuunga vipande. Microsoft ina nne za Kiswahili: Rehema na Daudi kwa Tanzania, Zuri na Rafiki kwa Kenya, na unaweza kuzisikia kwa kufungua ukurasa wa Kiswahili kwenye kivinjari cha Edge na kukiamuru kisome. Kwa kusikiliza habari ndefu au hadithi, hizi hazina mpinzani. Kwa kuendeshea simu nzima, bado tunasita, maana nyingi hutegemea mtandao, na mtandao ukiyumba kidole kimeshafika kitufe cha tatu ndipo unasikia jina la cha kwanza.

Sasa maandishi.

Andika "watu 8 walifika" uisikilize. Mtu angesoma "watu wanane" bila hata kufikiri. Mashine inaona tarakimu tu, haioni ngeli, na itakuambia "watu nane". Kwenye Kiswahili ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinazofuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki popote. Kwa hiyo ujumbe utakaosomwa kwa sauti uandikwe hivi: hizo sita zinazobadilika ziandikwe kwa maneno (vitabu vitatu, wagonjwa kumi na wawili, miti minane), zilizobaki unaweza kuziacha kama tarakimu. Vitabu 7 havina shida. Ndiyo maana pia pesa ni rahisi kuliko watu: shilingi mbili hubaki mbili, wala haihitaji kipande kingine. Anayerekodi mfumo wa simu utakaohesabu wagonjwa au wanafunzi lazima aongeze mmoja, wawili, watatu, wanne, watano na wanane, na wengi hulikumbuka hilo msomaji akishaondoka studio.

Pesa zina mtego wake mwingine. "5,000/=" tumeirithi kwenye stakabadhi na hakuna anayeishangaa, lakini mashine inaweza kuusoma mkwaju na alama ya usawa kama maneno. "5.000" inaweza kuwa tano nukta sifuri sifuri sifuri. "10k" haisomeki. Andika "shilingi 5,000", neno likitangulia, koma bila nafasi. Na kiasi kikivuka laki, usiiachie mashine. "Elfu mia mbili na tano" ni 205,000 au ni 200,005? Sokoni watu hutofautisha kwa kupumua kidogo mahali panapofaa, pumzi ambayo mashine haiijui. Ukiandika "laki mbili na elfu tano" umemaliza ubishi.

Namba ya simu yenye tarakimu kumi zilizobanana inaweza kusomwa kama mamilioni. Ukizigawa tatu tatu, utasikia "mia saba na kumi na mbili". Salama zaidi ni kuacha nafasi baada ya kila tarakimu. Inaonekana mbaya kwa macho, lakini haikuandikwa kwa ajili ya macho.

Kisha saa. Hili ndilo linalowapoteza watu kweli kweli. Saa ya simu inaandika 8:30, na sauti ya Kiswahili huweza kuisoma saa nane na nusu. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia nane na nusu, anajua ni mchana. Tofauti ni saa sita kamili kila mara, asubuhi na jioni, kwa hiyo anayejua kosa liko wapi anaweza kulirekebisha kichwani, ila mzee aliyepewa simu jana hawezi. Kwenye ujumbe wa miadi ya kliniki au kikao, usiandike tarakimu kabisa. Andika "saa mbili na nusu asubuhi". Ukimwamuru msaidizi wa sauti akuamshe, sema saa pamoja na wakati wa siku, "saa kumi na moja alfajiri", halafu subiri akurudishie alichoelewa, na usiweke simu chini kabla ya kufungua orodha ya kengele na kuona, au kusikia, kama imeandikwa 5:00 au 11:00. Ikiwa ni 11:00, msaidizi huyo hesabu yake ni ya Kizungu, na tangu hapo mpe saa za Kizungu tu. Kinachovuruga ni kuchanganya.

Alama mbili ndogo zinahitaji kutajwa. Ya kwanza ni kile kikomeo cha juu kwenye ng'ombe na ng'ambo. Programu za kuandikia hukigeuza kikawa cha kujipinda, na baadhi ya injini za sauti, yaani programu zinazogeuza maandishi kuwa sauti, zikikiona hicho hukata neno vipande viwili: "ng", kimya, "ombe". Ukisikia hivyo, kibadilishe kiwe kile kilichonyooka cha kibodi ya kawaida. Ya pili ni alama ya kuuliza. Kwa Kiswahili "Amekuja" na "Amekuja?" hazitofautiani hata kwa herufi moja, swali lote liko kwenye mpando wa sauti. Ujumbe usio na alama husomwa kama taarifa, na aliyetumiwa anaamini mgeni amefika. Kama hupendi alama, anza na "Je".

Kuhusu Kiingereza kilichochanganywa hakuna dawa kamili. Sauti ya Kiswahili ikikutana na ujumbe wa benki ulioandikwa kwa Kiingereza, huutamka kwa kanuni za Kiswahili na hakuna kinachoeleweka. Huduma nyingi za pesa kwa simu zina sehemu ya kubadili lugha ndani ya menyu yake. Badilisha huko kwanza, kabla hujaanza kuilaumu simu. Ujumbe usiobadilika, msikilizaji ageuze lugha ya sauti kwa muda. Kwenye TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, menyu yake hufunguka kwa kugusa kioo kwa vidole vitatu kwa pamoja, au kuburuta kidole chini kisha kulia bila kukiinua, na ndani yake kuna sehemu ya lugha ikiwa injini ya sauti ina lugha zaidi ya moja.

Kuiandaa simu yenyewe ya Android si kazi ya zaidi ya nusu saa, ila mpangilio wa hatua una maana. Kwanza ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu inayohusu maandishi kusomwa kwa sauti. Simu nyingine wameiweka chini ya ufikivu, nyingine chini ya lugha. Ukikwama tumia kisanduku cha kutafutia. Chagua injini, kisha Kiswahili, kisha pakua data yake ya sauti ukiwa kwenye Wi-Fi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sauti inaposikika wanadhani imeshapakuliwa, kumbe inatoka mtandaoni, na mwenye simu akifika shambani inabaki bubu. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha ijaribu. Ikisema, imeshuka kweli. Ndipo uwashe TalkBack, si kabla, maana ukiiwasha mapema namna ya kugusa kioo inabadilika na utahangaika: kugusa mara moja ni kusikia jina la kitu, kugusa mara mbili ni kukifungua, kuburuta kulia ni kwenda mbele, kushoto ni kurudi, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Ruhusu njia ya mkato ya vitufe vyote viwili vya sauti kushikiliwa kwa sekunde tatu, mwenye nyumba aweze kuizima mtoto akiichezea.

Kasi iache ya kawaida au chini yake kidogo kwa wiki mbili za kwanza. Kwenye eSpeak kasi huhesabiwa kwa maneno kwa dakika na huanzia 175, kipimo kinachofaa maneno mafupi ya Kiingereza. Neno letu moja, kama "nitakupigia", limebeba sentensi nzima, hivyo shuka hadi 120 au 130 kwa mgeni. Kwenye kompyuta unaweza kuilinganisha kwa amri moja: espeak-ng -v sw -s 130, kisha sentensi yako ndani ya alama za kunukuu. Mwinuko wa sauti nao unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mzee ambaye masikio yameanza kuchoka hupoteza kwanza sauti za juu, kwa hiyo sauti nzito kidogo humfikia vizuri kuliko nyembamba iliyoongezwa ukali.

Na ukali wenyewe wa sauti ya TalkBack ni tofauti na wa muziki. Bonyeza kitufe cha kuongeza wakati inaongea, si ikiwa kimya.

Hapo ndipo turudi kwa sita na tisa. Tazama maneno hayo: irabu ni zilezile, konsonanti ni zilezile, ila s na t zimebadilishana mahali. Sauti ya s nguvu yake iko juu sana, na laini ya simu ya kawaida hupitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu, hivyo sehemu kubwa ya s hubaki njiani. Spika ndogo ya simu iliyofunikwa na kava la mpira humalizia kilichobaki. Toboa kava, safisha tundu la spika kwa mswaki mkavu laini, na kwa mambo ya pesa tumia spika za masikioni, ambazo pia zinaficha salio lako kwa abiria wa kiti cha pili. Ukiandika maneno ya mfumo wa simu, weka kiasi mwishoni mwa sentensi kifuatwe na kimya, kisha kirudie. Ukikizika katikati, neno linalofuata hukifunika.

Kwa mfumo huohuo, jambo litangulie, namba ifuate: "Kujua salio, bonyeza moja." Wengi huandika "Bonyeza moja kujua salio", na msikilizaji akishasikia analolitaka, namba imeshamtoka. Machaguo manne yanatosha. Ukiwa na tisa, yagawe kwenye menyu zaidi ya moja.

Kusema na simu ikuelewe ni shughuli nyingine. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti Agosti 2017, na kwenye kibodi yake utakuta cha Kenya na cha Tanzania vimetengwa. Chagua cha upande wako. Watu wakiona haielewi huanza kutamka silabi moja moja, ni-ta-ku-pi-gi-a, na hapo wanaizidishia tabu, maana imefunzwa kwa watu wanaoongea kama watu. Ongea kawaida, sentensi moja, simu ikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni, upande na si mbele kabisa ili pumzi isigonge kipaza sauti. Ndani ya daladala usitarajie mengi. Anayebadilisha r na l asijione ana kasoro. Mfumo umesikia watu wachache wa lafudhi yake, basi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za kujitolea, Kiswahili kikiwemo: mtu anasoma sentensi fupi, wengine wawili wanaisikiliza na kuikubali kabla haijahesabiwa. Mpemba, Mmvita au Mkongomani anayetaka siku moja simu imwelewe anaweza kusoma sentensi zake hapo kwa lafudhi yake, bila kuinyoosha.

Majina kwenye kitabu cha simu nayo yaandikwe yanavyotamkwa mdomoni. "Fundi Juma bomba" itapigiwa. "JUMA F. (bomba) 2" yenye picha za vikaragosi haitapigiwa, na kisoma skrini kitakusomea kila kikaragosi kwa maelezo yake marefu kabla simu haijapokelewa.

Kuna jambo ambalo mipangilio haiwezi. Msaidizi hawezi kujua kama anaongea na bibi wa miaka themanini au na mjukuu wake. Atamwambia bibi "Habari! Nikusaidie nini?" bila shikamoo, na bibi wengine huacha kumtumia kwa hilo tu. Anayemwandalia amweleze mapema kwamba huyo si mtoto wa mtu. Na kama maneno ni yako wewe kuyaandika, tumia "tafadhali" na "samahani", acha ucheshi. Mzaha wa mashine husikika mara ya kwanza kama mzaha, mara ya kumi kama utovu wa adabu.

Kabla ya kumkabidhi mwenyewe simu, tunaipa sentensi moja iisome: "Ng'ombe 8 wamevuka barabara ya nchi jirani saa 2:30, wameuzwa shilingi 206,009. Mmewaona?" Sikiliza kama ng'ombe wamekatika, kama wamekuwa wanane, kama n ya nchi imesimama peke yake kama silabi, saa gani imetajwa, kama sita na tisa zinaachana, na kama mwisho umepanda. Haijatokea injini iliyofaulu yote. Andika kwenye karatasi yale iliyoshindwa, kwa herufi kubwa, umpe yule atakayekuwa anamtumia ujumbe.